Kampuni Ndani ya Kampuni: Deni la Rocket Singh

Karatasi zinakunjwa, zinatiwa ncha, zinarushwa kumwelekea kijana mwenye kilemba, na ofisi nzima inacheka. Kijana ni Harpreet Singh Bedi, muuzaji wa kompyuta katika kampuni ya AYS mjini Mumbai, na kosa lake ni kukataa kutoa rushwa. Ofisa wa kampuni iliyotaka kununua kompyuta alidai cha juu. Harpreet akaandika malalamiko. Bosi wake, Puri, hakulisahau jambo hilo. Tangu siku hiyo Harpreet akawa sifuri: hana kazi ya maana, hana heshima, ana roketi za karatasi tu.

Jina la biashara atakayoianzisha baadaye lilitokana na roketi hizo. Filamu inayosimulia kisa hiki, Rocket Singh: Salesman of the Year, ilitoka tarehe 11 Desemba 2009. Iliongozwa na Shimit Amin na kuandikwa na Jaideep Sahni, watu wawili waliokuwa wamefanya pamoja Chak De! India mwaka 2007. Ranbir Kapoor ndiye staringi. Haikupata mapato makubwa ilipotoka, na mtazamaji aliyezoea picha za Kihindi za mapenzi, ngumi na dansi anaweza kushangaa kuona saa mbili na ushee zikiishia kwenye madawati, simu na ankara. Ni vichekesho, lakini vichekesho vya watu wanaohesabu pesa.

Ndani ya vichekesho hivyo kuna swali linalostahili kujibiwa kwa uzito. Mtu asiye na mtaji aanzie wapi? Na akianzia kwenye meza ya mwajiri wake, kwa simu ya mwajiri wake, katika saa alizolipwa na mwajiri wake, aitwe mjasiriamali au mwizi?

Harpreet hana fedha. Alihitimu shahada ya biashara kwa alama za chini mno, na analelewa na babu yake. Hana shamba la kuweka dhamana wala mjomba tajiri. Alicho nacho ni ujuzi alioupata AYS: anajua vipuri vinanunuliwa bei gani, kompyuta inauzwa bei gani, na mteja huachwa na nani ikiharibika. Basi anafungua Rocket Sales Corporation humohumo ndani ya AYS, kwa siri. Anamvuta Giri, fundi wa kompyuta; Koena, dada wa mapokezi; Chotelal Mishra, mhudumu anayepeleka chai mezani kwa watu; na baadaye Nitin, mkubwa wake wa mauzo. Wote wanaingia kama wabia, hakuna anayeajiriwa na mwenzake.

Wapo watakaomtetea kwa kusema kwamba kampuni yenyewe ilikuwa chafu. Inaishi kwa hongo, inamdanganya mteja na inawadhalilisha wafanyakazi, kwa hiyo Puri alivuna alichopanda. Utetezi huu unavutia, lakini ni ndugu wa msemo unaotumika kila siku kuhalalisha wizi wa maofisini, kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Ubaya wa bosi haumpi mfanyakazi hati ya kumiliki simu ya ofisi. Puri angeweza kuwa mbaya mara mbili zaidi, na saa za Harpreet bado zingekuwa zimekwisha kununuliwa kwa mshahara.

Sheria ya India yenyewe ingempa njia nyingine. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mikataba ya mwaka 1872 kinabatilisha makubaliano yanayomzuia mtu kufanya kazi au biashara halali. Kwa sababu hiyo mwajiri hupata taabu mahakamani akitaka kumzuia mfanyakazi aliyekwisha kuondoka asifungue biashara kama yake. Lakini mfanyakazi akiwa bado ndani, mahakama zimekubali kwamba mkataba unaweza kumbana asishindane na anayemlipa. Sheria hiyo si ngeni Afrika Mashariki: ilitumika Tanganyika na Kenya wakati wa ukoloni, hadi sheria mpya zilipoanza kutumika mwaka 1961. Kwa kipimo chake, Harpreet angeacha kazi asubuhi na kufungua duka mtaa wa pili jioni, angekuwa na hoja nzito ya kujitetea. Tatizo lake ni kwamba hakuondoka.

Filamu inalijua tatizo hili, na hapo ndipo inapoizidi akili hadithi nyingi za watu waliofanikiwa. Harpreet anaweka hesabu ya kila anachokitumia cha AYS, kwa nia ya kulipa. Hesabu hiyo inamtenga na mwizi wa kawaida, kwa kuwa mwizi haandiki. Hata hivyo, mkopo una watu wawili, na hapa mmoja hakuulizwa. Harpreet alijipa mkopo, akajipangia masharti, akajiamulia siku ya kulipa. Nia yake ilikuwa safi. Tendo lake halikuwa safi. Mchambuzi wa haki hana budi kuyashika yote mawili.

Upande wa pili wa mizani nao ni mzito. Puri anapogundua siri, anaichukua Rocket kwa rupia moja na kumwacha Harpreet aende zake. Sasa anayo yote: jina, wateja na oda. Kwa hesabu zake, ambazo ndani yake binadamu ni namba, faida ilipaswa kumiminika. Haikumiminika. Wateja wa Rocket walikuwa wameahidiwa kwamba kompyuta ikizima usiku, fundi atakuja usiku. Kwamba bei waliyotajiwa ndiyo bei. AYS haikuweza kuzitimiza ahadi hizo, kwa sababu haikuwa na watu waliozitoa. Mishra, ambaye ofisi nzima ilimwona kama birika linalotembea, alikuwa mwenye mali katika Rocket, na mtu hulinda chake. Kitu pekee ambacho Harpreet hakukichukua AYS ndicho kilichoifanya Rocket iwe na thamani.

Filamu nyingine za Kihindi za aina hii zinarudi palepale. Katika Band Baaja Baaraat ya mwaka 2010, Bittoo na Shruti wanaachana waziwazi na mpanga harusi waliyekuwa wakimfanyia kazi, wanaanzisha Shaadi Mubarak huko Delhi na kuanza na harusi ndogo za mtaani. Biashara inapanda mpaka wao wawili wanapogombana. Kila mmoja anakwenda kivyake, na kila mmoja anazama katika hasara. Wateja wale wale, jiji lile lile, ila ubia umevunjika.

Sui Dhaaga ya mwaka 2018 inampa Mauji, fundi cherehani, bosi anayemfanya aigize mbwa mbele ya wageni. Mauji anaacha kazi, anamshonea mama yake gauni la kuvaa hospitalini, na wagonjwa wengine wanalitaka. Mwaka huohuo waigizaji wake wakuu, Varun Dhawan na Anushka Sharma, walitangazwa kuwa sura za kampeni ya serikali ya kukuza stadi za kazi, Skill India. Kutoka hapo filamu ya kujiajiri na sera ya kujiajiri zilishikana mikono hadharani.

Mshikamano huo unahitaji kuangaliwa kwa makini. Serikali inapowaambia vijana wajiajiri, na sinema ikawaonyesha staringi aliyeweza, ni rahisi kuhitimisha kwamba aliyeshindwa hakujituma. Rocket Singh inalipinga hitimisho hilo bila hotuba. Watu wake watano walikuwa na bidii na ujuzi wote unaohitajika, na bado hawakupata pa kuanzia pasipo kuvunja uaminifu kwa mwajiri. Miaka mitano na ushee baada ya filamu hiyo, Aprili 2015, India ilizindua mpango wa mikopo wa MUDRA, ambao ulitoa hadi rupia milioni 1 kwa biashara ndogo bila kudai dhamana. Mtu anaweza kubishana juu ya mpango huo ulivyotekelezwa, lakini kuwepo kwake ni kukiri kwamba kulikuwa na pengo, na kwamba pengo hilo halizibwi kwa kuwahimiza watu wawe na moyo.

Hukumu basi haiwezi kuwa moja. Harpreet alikosea kubaki ndani ya AYS huku akishindana nayo, na hesabu zake haziondoi kosa hilo. Lakini jamii iliyomwacha na mlango huo mmoja tu nayo ina sehemu yake katika kosa, na haifai ijitokeze mwishoni kumpigia makofi kana kwamba ilimsaidia.

Mwishoni Puri anamfuata Harpreet dukani alikoajiriwa upya na kumrudishia kampuni kwa rupia ileile moja. Ni tukio zuri, na mtazamaji anapumua. Lakini zipo zile hesabu alizoziweka Harpreet, ambazo rupia moja haiwezi kuzifuta. Waziri, benki au mhamasishaji anayejiandaa kuwahutubia vijana kuhusu kujiajiri angefanya vyema azipitie kwanza, mstari kwa mstari. Ndiyo orodha ya vitu walivyovikosa watu watano waliokuwa tayari kufanya kazi mchana na usiku: meza, laini ya simu, jina la kutaja kwa muuza vipuri, na mtu wa kuwasubiri kidogo mpaka mteja alipe.