Kofia ya mtoto kwa siku za baridi



Kwetu Kasongo na Kabambare, tangu mwezi wa 6 mpaka mwezi wa 8, mvua inakuwa haba. Mchana jua ni kali, lakini usiku unapoa, na asubuhi ukungu unafunika mabonde. Mtu mzima anajifunika kitenge cha pili, anasogea karibu na moto. Na mtoto aliyezaliwa jana, yeye afanye nini? Mwezi huu tufume pamoja kofia yake. Ni kazi ya siku mbili ao tatu, na kifundo kimoja cha uzi cha gramu 50 kinatosha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kiangazi kimoja nilikuwa natembelea jamaa za kanisa upande wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Mama mmoja kijana alikuwa amezaa kabla ya siku zake kutimia, na mumewe alikuwa mbali, shimoni. Nikasema moyoni: kufuma ninajua, mama yangu alinifundisha. Sindano sikuwa nazo. Nikaomba reyo mbili za kinga iliyokufa, nikanoa ncha zake juu ya jiwe. Nikaanza vitanzi 60 kama mama alivyonionyesha, nikafuma usiku kucha karibu na taa. Vidole viliniambia mapema kwamba kazi inakuwa ngumu kama ubao. Lakini nilikuwa na haraka, tena niliona haya kufumua mbele ya watu.

Asubuhi nikapeleka kofia. Haikupita hata paji la uso. Nyanya ya mtoto akaigeuza-geuza mkononi, akaniuliza: «Pasta, hii kofia ni ya mutoto ao ni ya yai?» Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilijua mtoto amelala usiku mzima bila kofia, juu ya haya yangu.

Aliyemtunza ni mama mzalishaji. Alimkausha vizuri, akamlaza uchi kifuani pa mama yake, ngozi juu ya ngozi, akawafunika wote wawili. Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1978 kule Bogotá, Kolombia, na daktari Edgar Rey, kwa sababu mashine za kupasha watoto joto hazikutosha. Leo Shirika la Afya la Dunia (OMS) linaishauri, na linasema tena mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24. Basi tujue: kifua cha mama ni cha kwanza, kofia ni msaidizi wake. Lakini ni msaidizi wa kweli, maana kichwa cha mtoto mchanga ni kama sehemu moja ya tano ya ngozi yake yote, na joto linapotea hapo.

Kosa langu lilikuwa wapi? Reyo ya kinga ina unene wa milimita 2 hivi. Inafaa kwa uzi mwembamba. Kwa uzi wa kawaida wa puloveri tunahitaji sindano ya milimita 4, yaani unene wa reyo mbili zilizolala bega kwa bega. Kama dukani hazipo, chonga vijiti viwili vya mwanzi mkavu, uvilainishe kwa kipande cha chupa, kisha uvipake mafuta kidogo. Kama uzi ni ghali, nunua puloveri ya mtumba, uifumue, uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali pane, uufue, uutundike na jiwe dogo chini yake. Ukikauka utanyooka.

Sasa usianze kofia mara moja. Anza kipande cha kujaribu: vitanzi 20, mistari 20. Kilaze mezani bila kukivuta, ukipime kwa rula ya mwanafunzi. Kikiwa na upana wa sentimita 10, endelea. Kikiwa chembamba, chukua vijiti vinene zaidi. Kikiwa kipana, chukua vyembamba. Kipande hiki ndicho nilichokiruka mimi.

Wale wa foaye wanaita kitanzi cha mbele «andrua» na cha nyuma «anvere». Fanya hivi:

1. Anza vitanzi 60 bila kubana uzi. Kwa mtoto mdogo sana aliyezaliwa mapema, anza 48.

2. Fuma 2 mbele, 2 nyuma, mpaka sentimita 4. Hapo kofia itavutika na kushika kichwa.

3. Fuma mstari mmoja wote mbele, mmoja wote nyuma, mpaka jumla iwe sentimita 11 (kwa mdogo sana, 9).

4. Punguza: fuma 4 mbele, kisha 2 pamoja, mpaka mwisho. Mstari unaofuata wote nyuma. Halafu 3 mbele na 2 pamoja, rudi nyuma. Halafu 2 na 2 pamoja, rudi nyuma. Halafu 1 na 2 pamoja, rudi nyuma. Mwisho, vyote viwili-viwili pamoja. Vitabaki 10 (kwa mdogo, 8).

5. Kata uzi, upitishe ndani ya vitanzi hivyo, uvute, ushone ubavu.

Usiweke kamba ya shingoni wala kifungo, mtoto asije akanyongwa ao akameza. Ifue kabla ya kumvika. Uzi mwingi wa dukani ni wa kiwandani, unayeyuka kwa moto. Usiukaushe karibu na makaa. Na jua likiwaka, mvue mtoto kofia, maana joto kupita kiasi nalo ni baya.

Vijana wanaume, msiseme hii ni kazi ya wamama. Wakati wa Wabelgiji, foaye za wanawake, kama ile ya Usumbura (leo Bujumbura) iliyoanza mwaka 1946, zilifundisha mabibi zetu kushona na kufuma, ndiyo maana tunawaza hivyo. Lakini huko Ulaya, miaka ya 1500, vyama vya mafundi wa kufuma vilikuwa vya wanaume. Kijana anayengoja zamu yake shimoni anaweza kumaliza mistari kumi.

Ile kofia ya yai niliifumua siku ileile, mbele ya nyanya yule yule, yeye akishika uzi. Nilichonga vijiti, nikaanza upya. Siku ya tatu mtoto aliivaa.