Nyumba ya Runinga Ilikula Karo Yangu

Kwetu Kakamega kuna nyumba ya vyumba vitano iliyokwama kwenye lenta. Sebuleni kumeota mpera. Karo yangu ya mwaka wa tatu iko pale, iligeuka mawe na simiti. Mimi niko Githurai kwa bedsita, naandika makala kwa simu.

Simlaumu Mama. Alijifunza nyumba kwa runinga, kwa vile vipindi vya kubomoa nyumba ya maskini na kumjengea kasri. Babake vipindi hivyo ni Extreme Makeover: Home Edition ya Marekani, iliyoanza 2003. Familia inapelekwa likizo, nyumba inajengwa kwa wiki moja, basi linasogezwa, watu wanalia. Kisha kamera zinaondoka, bili zinabaki. Familia moja kule Georgia ilipewa nyumba kubwa mwaka 2005. Baadaye waliiweka dhamana ya mkopo wa dola 450,000, biashara ikaanguka, na kufikia 2008 nyumba ilikuwa inangoja mnada. Hiyo sehemu Mama hakuonyeshwa.

Utaniambia runinga ni ya kuota tu. Sawa, lakini Mama hakuota, alinunua mawe. Ukimwonyesha mtu kila wiki kwamba nyumba ya heshima ina ngazi, jipsam na vyoo vitatu, yule wa vyumba viwili ataanza kuona haya kwake mwenyewe. Na mtu mwenye haya hukopa.

Na si ati hatujui kufanya tofauti. Shamba Shape Up imekuwa Citizen tangu 2012. Timu inaingia kwa mkulima wa kawaida, inarekebisha banda la kuku, inamfundisha kutunza ng'ombe na mimea. Hakuna anayejengewa ranchi. Jirani akitazama, kesho anaweza kujaribu. Mbona kuku wapate kipindi cha maana na sisi tupewe kasri?

Nataka kuona vyumba viwili vikijengwa kwa matofali ya udongo uliochanganywa na simiti kidogo, yakashindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila kuni. Nataka gata na tangi la maji ya mvua, na madirisha yanayoelekeana hewa ipite. Nataka mtaalamu aingie kwa ten-by-ten ya Pipeline atuonyeshe dawa ya ukuta unaotoa unyevu. Na kila kitu kitajwe bei yake, hadi misumari.

Nimemwambia Mama Desemba tuezeke vyumba viwili pekee, hivyo vitatu tuviache. Amekataa. Anasema, "Mwanangu, watu watatucheka." Kwa hivyo bado analala kwa ile nyumba ya zamani, na ikinyesha anahamisha kitanda.

Nyinyi mnaotengeneza vipindi, nipeeni kimoja tu ambacho Mama atatazama hadi mwisho, kisha anipigie aseme: haya, leta mabati.