Je, ni Misiba Pekee Inayotusafirisha?



Juni mwaka jana, shule zilipofungwa, nilisafiri pamoja na dada yangu, shemeji na watoto wao watatu kutoka Ruangwa hadi Tukuyu, wilayani Rungwe. Tulipita Nachingwea, Masasi na Tunduru, tukalala Songea. Siku ya pili tukashika njia ya Njombe na Makambako hadi Uyole, kisha tukageukia kusini, kwenye nchi ya migomba na chai. Tulipomwuliza mzee mmoja njia ya kwenda Daraja la Mungu, alitutazama sote, wakubwa kwa wadogo, akasema kwa upole: “Mmetoka Lindi? Poleni sana. Nani amefariki?”

Tulicheka sana. Lakini usiku ule swali lake lilininyima usingizi, kwa maana mzee yule hakukosea. Ni lini familia ya Kitanzania hupanda gari pamoja, baba, mama na watoto, ikavuka mikoa minne? Ni pale simu inapolia usiku. Kwa msiba hatuulizani nauli. Tunakopa, tunachangishana, tunafika. Kwa furaha ya walio hai tunasema hali ni ngumu.

Wapo wanaonijibu kwamba utalii ni mambo ya wageni. Hoja hii naikataa kabisa. Mlima Rungwe, wenye urefu wa takriban mita 2,960, haukuwekwa pale kwa ajili ya mwenye pasipoti ya mbali. Mwaka 2022 filamu ya Royal Tour iliutangazia ulimwengu uzuri wa nchi yetu, na ni jambo jema. Lakini mwenye nyumba anayewakaribisha wageni sebuleni huku watoto wake wakichungulia dirishani, huyo ana kasoro. Nao wanaoendesha shughuli za utalii wasimwone mwananchi kama mtu aliyepotea njia kwa sababu tu hakuja na dola.

Wengine husema watoto watayasoma hayo vitabuni. Mpwa wangu wa darasa la sita alikuwa ameyasoma. Alijua kuchora volkano: pembetatu yenye moto juu. Alipooneshwa Rungwe, kijani kitupu na mawingu kileleni, aliuliza: “Mjomba, moto uko wapi?” Jibu alilipata kwenye Mto Kiwira. Daraja la Mungu ni mwamba wa lava iliyotiririka zamani ikapoa na kuganda. Mto ukaendelea kupita chini yake, na leo watu wanavuka juu. Aliligusa jiwe lile kwa viganja vyote viwili, kana kwamba bado lina joto. Tulimweleza kwamba hapo ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, na kwamba mlima jirani, Kyejo, ulilipuka takriban mwaka 1800. Ni jana tu kwa umri wa milima. Siku iliyofuata tulipanda kwa utelezi, msituni, hadi ukingo wa Ziwa Ngozi, lililolala kimya ndani ya kreta. Hakuuliza tena moto uko wapi. Aliuliza kama utarudi.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni shemeji. Ni mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache. Katika maporomoko ya Kaporogwe kuna pango nyuma ya maji. Alisimama humo, mbele yake pazia la maji, shati limelowa, akacheka kwa sauti kama mvulana. Watoto wake walimtazama yeye, si maporomoko. Hawakuwa wamewahi kumwona baba yao akishangaa. Nawaulizeni, wazazi: urithi huo unauzwa mnada gani?

Imebaki hoja ya fedha, na hii naiheshimu. Zipo familia ambazo shilingi yao yote huishia kwenye unga na daftari. Hao siwasemi. Ninawasema wale ambao korosho ikishalipwa, ngoma hukesha, muziki hukodiwa, sare hushonwa, na kufikia Januari ada ya mtoto inatafutwa kwa jirani. Sipingi sherehe, nami hualikwa nikala wali. Ninachopinga ni uongo wa kusema “hatuna” wakati ukweli ni kwamba “tumechagua”. Shemeji alianza kutenga fedha zake Desemba, kidogo kidogo. Tulilala nyumba za wageni za bei ya chini na tulikula ndizi njiani. Hakuna aliyekopa.

Na asiyeweza kufika Rungwe aanzie karibu. Hapa mkoani kwetu Lindi kuna Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba mifupa ya dinosaria, ukaisafirisha Berlin kwa meli. Kazi ile ya kuchimba na kubeba mizigo hadi pwani ilifanywa na wenyeji. Leo mtoto wa Berlin anaingia makumbusho na kuyainulia macho mabaki yetu, naye mtoto wa Ruangwa hajui hata kwamba yalitoka mkoani kwake. Tukilaumu waliochukua, tuna haki. Lakini tusisahau kujilaumu kwa kutokwenda kuona pale palipobaki.

Basi, wapendwa, msimu ujao wa korosho, kabla kamati ya sherehe haijaundwa, ulizeni nyumbani: mwaka huu tutasafiri wapi tukiwa wote hai? Maana siku ya msiba tutakusanyika tu, bila kupangiwa. Lakini yule tuliyepaswa kucheka naye nyuma ya maji hatakuwepo kutupokea.