Unyamwezini na Chupa ya Insulini

Sisi wa Ng'ambo, Tabora, tuna raha yetu: ukiulizwa unakaa wapi, unajibu "Ng'ambo" na hujadanganya mtu. Ila wiki hii naongelea ng'ambo ya kukwea pipa, hasa Marekani, ambayo watoto wa mjini huiita Unyamwezini. (Sisi Wanyamwezi wenyewe hatujalipwa hata senti kwa jina hilo.)

Mshikaji wangu mmoja ana kisukari tangu tukiwa sekondari, kile cha kujidunga insulini kila siku. Mwaka 2022 alishinda bahati nasibu ya viza, mtaa mzima tukacheza ngoma. Akaondoka na dawa ya miezi mitatu. Ilipokwisha ndipo akaujua mji. Chupa moja ya Humalog, mililita 10, bei yake iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola 274.70. Chupa moja, jamani! Bima hana, na ule mpango wa serikali wa kuwatibu wenye kipato kidogo, Medicaid, mtu mzima mwenye green card kwa kawaida anausubiri miaka 5.

Unajua alifanya nini? Akaanza kujipunja dozi ili mshiko wa nyumbani usikatike. Mama yake alikuwa anaezeka nyumba. Mimi siuiti huo ushujaa, ni kuchezea roho. Mgonjwa wa aina yake akikosa insulini, siku chache tu zinatosha kumzimisha.

Machi 2023 kampuni ya Lilly ilitangaza kwamba hata asiye na bima ataendelea kuweza kulipa dola 35 tu kwa mwezi kwa insulini zake. Jamaa hakujua, mpaka mfamasia mmoja alipomdokeza miezi kadhaa baadaye. Ukifika huko uliza, tena uliza kwa sauti!

Wanaokwenda Ukerewe, yaani Uingereza, wana nafuu. Ada ya afya inalipwa pamoja na viza, pauni 1,035 kwa mwaka kwa watu wazima wengi tangu Februari 2024, na anayetumia insulini akishapata cheti cha msamaha halipii dawa. Mwenye presha tu hana msamaha huo: England mwaka 2025 alilipa pauni 9.90 kwa kila dawa aliyoandikiwa. Scotland na Wales ni bure kwa wote.

Juzi mama yake kanipigia simu, nimkumbushe mwanawe bati zilizobaki. Nikamweleza yote, tangu mwaka ule. Kimya. Halafu akasema, "Mwambie upande wa uani utakaa na nyasi."