Mwizi wa Kuze na kabila tunalompa

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisahihisha insha za Kiswahili za wanafunzi wa sekondari kisiwani Mombasa, na kazi hiyo imenifunza mambo ambayo hayamo katika mtaala wowote. Muhula mmoja niliwapa wanafunzi kichwa chepesi kilichozoeleka: "Siku niliyomwona mwizi." Nilitarajia makosa ya ngeli, methali zisizopatana na mahali pake, na mwisho ule wa mtunzi kuzinduka usingizini, kumbe yote yalikuwa ndoto. Hayo niliyapata. Nilipata na jambo jingine ambalo sikulitazamia: karibu kila mwizi alikuwa na kabila.

Sikuwa nimeuliza kabila la mtu. Hata hivyo, mtoto wa Kibajuni aliandika kwamba mwizi wake alikuwa "mtu wa bara". Mtoto wa Kijaluo alimwona kijana wa Kiarabu mla unga. Mwanafunzi wa Kihindi alimwita wake "Mwafrika", kana kwamba yeye mwenyewe amezaliwa Gujarati wala si hapa Makadara. Wa Kigiriama alimkimbia Msomali. Katika robota lile lote la daftari sikumkuta mtunzi aliyempa mwizi kabila lake mwenyewe, na insha ambayo mwizi wake hakuwa na kabila kabisa ilikuwa moja tu, ya msichana wa Kuze. Nitairudia.

Msomaji ambaye hajafika Kuze ataujua mtaa huu kwa vichochoro vyake. Ni sehemu ya Mji wa Kale ambamo nyumba zimekaribiana hata majirani wanaweza kupokezana sahani madirishani. Katika mwendo wa dakika chache mtu hupita baraza la wazee wa Kiswahili, duka la Mshihiri, nyumba ya Mbaluchi, akapishana na Mabohora waendao msikitini, na mama wa Kimijikenda aliyejitwika mboga. Mahali kama hapa watu huishi kwa kuaminiana. Lakini kichochoro kisichopitika na gari ndicho pia mkwapuzi anachokipenda, kwani akikata kona mbili amekwisha kupotea. Nani alaumiwe? Jibu la haraka ni yule aliyekuja jana.

Na hapa neno "mgeni" linahitaji kutazamwa kidogo. Wenyeji wa Mombasa wa jadi ni Thenashara Taifa, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Hebu tuyasikilize baadhi ya majina ya hao Tisa: Wapate, Washaka, Wakilifi, Wamtwapa. Kila jina ni la mahali walikotoka wazee waliokuja kisiwani na mizigo yao, wakapokewa. Wakatwa nao hutaja asili ya upande wa Wasomali. Mwenyeji wa leo, basi, ni mgeni aliyetangulia, na hayo hayakuandikwa na adui; yamo katika majina ambayo wenyewe huyataja kwa fahari.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, mama mmoja aliporwa mkoba wake katika kichochoro cha Kuze. Ukelele wa "Mwizi!" ulipopigwa, kila aliyekuwa karibu alisimama, na miongoni mwao alikuwamo kijana muuza njugu ambaye sote tulizoea kununua kwake. Tofauti yake na wengine ilikuwa moja tu: lafudhi yake ilikuwa ya bara. Hilo lilitosha. Alipigwa kwa ngumi, kisha kwa viatu, kisha kwa kipande cha mbao, mpaka mzee mmoja alipojitupa juu yake akisema, "Mwacheni mwanangu, njugu zake hizi hapa, mkoba uko wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwani mkoba haukuwapo.

Siku ya tatu ukweli ulijulikana. Aliyepora alikuwa kijana wa mtaa uo huo, wa nyumba inayoheshimiwa. Je, yeye alipigwa? La. Wazee walikaa, mama wa watu akarejeshewa pesa zake, kijana akaambiwa aombe radhi, na shauri likaishia barazani. Muuza njugu hakuonekana tena Kuze. Nami, kwa aibu yangu, sikumtafuta.

Yapo waliosema kwamba wazee walitumia hekima. Huenda. Mimi naona kwamba siku ile tulikuwa na sheria mbili, ya "wetu" na ya "wao", na ile sheria laini ndiyo iliyomwangukia aliyeiba. Ubaguzi kwa kawaida hushutumiwa kwa kuwa humwonea asiye na hatia, na shutuma hiyo ni ya haki. Lakini kuna hasara ya pili isiyotajwa sana: humficha mwenye hatia. Wakati watu ishirini walipokuwa wakimpiga muuza njugu, mwizi halisi alikuwa akitembea taratibu kuelekea kwao, wala hakuna aliyemtazama, kwani uso wake ulikuwa uso wa nyumbani.

Simaanishi kwamba hofu ya watu ni ya bure. Wizi wa njiani ni mateso. Wako kina mama walioacha kwenda harusini usiku, na watoto wa madrasa wanaosindikizwa kwa ajili ya hatua mia mbili. Katika miaka ya karibuni Mombasa imeona vijana wakitoka makundi kwa makundi na mapanga mchana kweupe. Mwishoni mwa mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku makundi takriban 90 ya wahalifu nchini, Wakali Kwanza na Wakali Wao wa hapa pwani walikuwamo orodhani. Lakini tazama majina hayo. Hayataji ukoo wala kabila. Vijana hao hujigamba kwa ukali wao, na sisi ndio tunaohangaika kuwatafutia asili.

Mazoea ya kuusoma uhalifu usoni mwa mtu hayakuota yenyewe kama magugu. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915 na kuanza kuitekeleza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume wa Kiafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa abebe cheti chenye alama za vidole vyake, akakitia katika kijisanduku cha bati na kukitundika shingoni. Mzungu na Mhindi hawakuguswa, wala Mwarabu, maana naye alihesabiwa kuwa si "mwenyeji" mbele ya sheria. Ndiyo sababu baadhi ya Waswahili wa Mombasa walishindana na serikali kwa miaka mingi ili nao wasiandikwe katika daraja la wenyeji. Siwalaumu, nani anayetaka kuvaa bati shingoni? Lakini kila aliyepata kupanda ngazi moja alijifunza kumtazama aliye chini yake kama mshukiwa. Kipande kiliondoka kabla ya uhuru. Jicho lililozoezwa nacho lilibaki.

Tarehe 13 Agosti 1997 tuliona jicho hilo likipewa silaha. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na kwa majuma kadhaa watu wenye asili ya bara wakawindwa majumbani mwao. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, na wapatao 100,000 wakayakimbia makazi yao. Yalikuwapo malalamiko ya kweli ya ardhi na kazi, na hayo hayajaisha hata leo. Lakini kilio cha mtu wa pwani aliyenyimwa kazi bandarini kiligeuzwa, katika mwaka wa uchaguzi, kuwa panga la kumkata fundi cherahani wa Kijaluo ambaye hakuwahi kumnyima mtu kazi. Wanafunzi wangu wa leo hawakuwa wamezaliwa. Maneno "watu wa bara" wameyapata kwetu.

Upepo huvuma pande zote mbili. Mwezi Machi 2014 waumini sita waliuawa kwa risasi kanisani Likoni, na mwezi huo huo ukaisha kwa milipuko ya Eastleigh, Nairobi. Aprili serikali ikaanzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na mamia wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Hapa Mombasa, kijana wa Mji wa Kale mwenye kanzu na ndevu chache alikuwa mshukiwa kabla hajafungua kinywa. Wale wale waliomnyooshea kidole muuza njugu sasa walinyooshewa wao, nao wakalalamika kwa haki kabisa kwamba kosa la mmoja limetwikwa umma mzima. Ningependa kujua ni wangapi kati yao waliomkumbuka yule kijana.

Wengine husema: lakini polisi wafanyeje, ikiwa wizi umezidi katika watu wa namna fulani? Marekani walilijaribu jambo hilo kwa kipimo kikubwa. Katika jiji la New York polisi waliwasimamisha na kuwahoji watu njiani zaidi ya mara 680,000 katika mwaka 2011 peke yake, wengi wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Karibu 9 katika kila 10 hawakushtakiwa wala kutozwa faini. Mwaka 2013 jaji aliamua kwamba desturi hiyo, kama ilivyotekelezwa, ilivunja katiba. Kufikia mwaka 2017 waliosimamishwa walikuwa chini ya 12,000, na mauaji jijini yalikuwa yamepungua wala hayakuongezeka. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamedhalilishwa bure, na askari walikuwa wamepoteza wakati ambao wangeutumia kuwatafuta waovu hasa.

Katiba yetu ya 2010 inasema, katika Kifungu cha 50, kwamba mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Ni maneno mazuri, nasi walimu tunayafundisha. Lakini sheria hiyo haiwezi kufanya kazi ikiwa shahidi anayefika kituoni hana la kusema ila "alikuwa Mbara" au "alikuwa Msomali". Askari ataandika nini katika kitabu cha matukio? Kabila halina urefu, halina kovu, halivai shati. Tangu muhula ule, zoezi langu limebadilika. Kila anayeandika habari za mwizi hutakiwa aeleze kimo chake, mavazi yake, alivyotembea na njia aliyokimbilia. Akitaja kabila namkata alama, kwa kuwa hajaeleza kitu. Wenzangu wengine waliniona mkali. Nawaomba wajaribu mara moja tu katika madarasa yao, waone jinsi watoto wanavyokwama baada ya kuondolewa neno moja.

Sasa ile insha ya msichana wa Kuze. Amekwisha kumaliza shule, naye ameniruhusu niitaje. Aliandika kwamba aliamka kabla ya Alfajiri akasikia kishindo, akamwona mtu akishuka ngazi na cherahani ya mama yake begani, cherahani iliyokuwa ikimlipia karo. Alimweleza mtu huyo: mrefu, mwembamba, shati la buluu la Idi iliyopita, kovu la kuungua juu ya kiganja cha kushoto, na pumzi fupi za teja ambaye hajapata unga tangu jana. Alimwita kwa jina, naye akageuka. Alikuwa kaka yake. Mama alipoamka aliwaambia majirani kwamba wezi kutoka nje ya mtaa waliingia usiku, na majirani wakaanza kuwataja wachuuzi waliopita jana yake.

Nilimpa alama za juu kuliko darasa zima. Pambizoni niliandika "Vizuri sana", kisha nikalifuta.