Mhandisi Anayeshika Kalamu
Mhandisi akiacha meza ya michoro na kwenda kuandika habari za sayansi, watu husema ametupa miaka yake ya chuo. Mimi naona ameipeleka inakohitajika. Chukua Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, Tanzania: mitambo 9 ya umeme, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Namba hiyo tumeisikia mara nyingi, lakini ni nadra msomaji kuelezwa kwamba megawati ni uwezo wa mtambo, na anachonunua yeye kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni uniti, yaani kilowati moja ikitumika saa nzima. Mtambo mmoja ukizunguka kwa uwezo wake wote hutoa uniti 235,000 kwa saa. Maji yakipungua, megawati zilizoandikwa hubaki zilezile, uniti zikashuka. Aliyezoea hesabu hizo haridhiki na kuuliza tu mradi umegharimu kiasi gani. Atauliza pia mto una maji kiasi gani mwezi Oktoba. Wapo wanaosema wahandisi huandika mambo makavu. Ni kweli kwa wengi wao, na ukavu huo hautoki bila mhariri mkali na mazoezi ya muda mrefu. Hata hivyo Henry Petroski, mhandisi wa Marekani, alitoa mwaka 1985 kitabu kuhusu majengo na madaraja yaliyoanguka, kikasomwa na watu wasio wahandisi kabisa. Wengine wanahofia kwamba wahandisi wetu ni wachache mno kuachwa waende kuandika. Uchache huohuo ndio unaonifanya nimtake mmoja wao gazetini, kwa sababu siku daraja likipasuka wananchi watataka kujua ufa ulianzia wapi, na watataka kuelezwa kwa Kiswahili.