Siku moja ya kutembea Kampala si hasara

Wafanyabiashara wengi wanaovuka mpaka wa Mutukula kwenda Kampala wanaujua mji huo kwa njia moja tu: kutoka stendi ya mabasi hadi vichochoro vya Kikuubo, kisha kurudi stendi. Mzigo ukishafungwa, safari imekwisha. Anayependekeza kubaki siku moja zaidi ili atembee huonekana mtu asiyejua thamani ya fedha.

Hofu hiyo ina msingi. Chumba cha kulala wageni kinalipiwa, chakula kinalipiwa, na fedha za mtaji hazikai salama mfukoni katika msongamano. Mtembezi hula miguu yake. Lakini wahenga haohao walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota.

Chukua mfano wa mchele. Mchele wa Tanzania huvuka Mutukula na kuuzwa Uganda, na mengi ya maghala na mashine za nafaka mjini Kampala yako Kisenyi, mwendo mfupi kutoka stendi. Mama anayemuuzia dalali mpakani kwa miaka kadhaa bila kukanyaga Kisenyi hana njia ya kujua dalali huyo anapata kiasi gani. Asubuhi moja ya kuuliza bei kwenye maduka matatu, bila kununua wala kuuza chochote, ingemwambia. Safari inayofuata angekuwa na neno la kusema.

Kikuubo nako macho yanalipa. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kuvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, mradi bidhaa ziwe zimezalishwa ndani ya Jumuiya na ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Katika duka moja, sabuni iliyotengenezwa Uganda hukaa rafu moja na bidhaa iliyotoka Asia. Anayenunua kwa haraka hasomi maandishi ya kwenye katoni, na tofauti hiyo anakuja kuelezwa na ofisa wa forodha wakati fedha zimekwisha.

Mchana ukibaki, mji una mengi. Katika kilima cha Old Kampala, mgeni hupanda mnara wa msikiti mkuu wa taifa na kuviona vilima vya Kampala pande zote. Kasubi kuna makaburi ya wafalme wa Buganda, yaliyoungua Machi 2010, yakajengwa upya, na mwaka 2023 yakaondolewa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Huko kunaonekana lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho wazee wa Kagera nao wanakifahamu. Mtalii hununua vitu vya lubugo kama kumbukumbu. Mfanyabiashara anayeona anachonunua mtalii amejifunza soko jingine, na hata asipojifunza soko, amemjua jirani anayefanya naye biashara.

Muda upo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kutembelea nchi nyingine kwa kibali cha hadi miezi sita bila malipo. Sheria inampa miezi sita, yeye anatumia saa sita, tena zote kwa kukimbizana na wapagazi.

Si lazima kila safari iwe na siku ya kutembea. Inatosha iwe ya kwanza, kabla mtaji haujatolewa mfukoni, na nyingine kila bei zinapobadilika. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, ambavyo semina zake nyingi huishia ukumbini, vingefanya vyema kuwapeleka wanachama wapya kwa kikundi: wagawane gharama za chumba, watembee pamoja kwa usalama, waongozwe na mwenzao mzoefu. Gharama ya siku hiyo inajulikana tangu mwanzo. Hasara ya kuuza mchele kwa bei ya dalali miaka mitano mfululizo hakuna anayeiandika kwenye daftari.